Geji Niliyomwekea Shemeji Ilidanganya, na Nilijua

Nimekosa. Sitaki kuzungukazunguka. Nilimkosea shemeji yangu, nikamkosea na dada yangu, na hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Mimi ni fundi wa waya za magari hapa Nakuru. Naweka redio, alamu, taa, geji. Shemeji, bwana wa dada yangu Chebet, nitamwita Kip. Alikuwa na pikapu ya dizeli: anapandisha chakula cha ng'ombe kutoka Njoro hadi Mau Narok, anateremka na maziwa. Injini yake ilikuwa imeongezwa nguvu ili ivute mzigo vizuri. Fundi aliyeiongeza akamwonya: ukivuta hivyo mlimani bila kujua joto la moshi wa egzosi, siku moja utayeyusha pistoni. Tafuta geji. Mshale ukipanda, unaachilia pedali ya mafuta.

Akaja kwangu. "Shem, mimi geji sizijui. Nichagulie ile inasema ukweli."

Nilikuwa nazo mbili. Moja haikuwa na urembo wowote, lakini ilikuja na waya yake yenyewe, na sensa yake inatobolewa tundu karibu kabisa na injini, kabla moshi haujafika kwa turbo, ile feni inayosukumia injini hewa. Hapo ndipo joto lenyewe liko. Hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Ile nyingine ilikuwa na taa ya bluu, inapendeza macho tu.

Siku hiyo nilikuwa na haraka ya kwenda ruracio, sherehe ya mahari, ya rafiki yangu. Nikachukua ya bluu! Sensa nikaitia huko nyuma ya turbo, mahali rahisi, moshi ukiwa umeshapoa. Waya ikawa fupi, nikaiunga na waya ya spika. Ya spika, jameni! Na ninajua vizuri sensa hiyo haitaki waya ya aina nyingine. Ukiunga hivyo, haisomi ukweli.

Tukaijaribu kupanda upande wa Menengai. Injini inalia, mshale umelala. Kip akafurahi kama mtoto.

"Kumbe injini yangu iko poa hivi!"

Roho iliniambia, mwambie. Badala yake nikasema, "Iko poa, shem. Ukiona mshale uko chini, wewe kanyaga."

Kanyaga! Hilo neno linanila mpaka leo.

Alikanyaga. Asubuhi moja pikapu ikamfia mlimani na mzigo wake wote. Huko juu wakulima walimngoja mpaka maziwa yakaharibika, kisha wakatafuta gari lingine. Injini kufunguliwa, pistoni zilikuwa zimeyeyuka.

Jumapili, baada ya kanisa, nikaenda kuwapa pole. Walinikaribisha ugali, lakini Chebet alikuwa amemwakia Kip. "Uliambiwa usikimbize gari! Sasa watoto watakula nini?"

"Chebet, nilikuwa naangalia geji," Kip akasema. "Haikupanda. Muulize ndugu yako."

Wote wawili wakanigeukia. Ilikuwa nafasi yangu. Nikameza ugali, nikasema, "Geji ilikuwa sawa. Labda hukuiangalia."

Kip aliinama tu akaendelea kula polepole, kama mtu ameanza kujishuku.

Tangu siku hiyo Chebet hakumwamini Kip kwa lolote. Akisema amefunga ng'ombe, anaulizwa, "Umefunga vile uliangalia geji?" Kip akauza pikapu ikiwa mbovu hivyo hivyo, akaandikwa kuendesha trekta ya mtu kwa shamba la ngano. Na mimi nilibaki "ndugu yangu fundi" kwa mdomo wa Chebet. Aibu!

Mwishowe nilishindwa kuvumilia. Nikamfuata Kip kule shambani, akiwa anatia trekta grisi. Nikamwambia yote.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Siku ile ile ya kwanza."

Akapangusa mikono kwa muda mrefu. "Injini ningekusamehe hata saa hii. Lakini ulinifanya mwongo kwa nyumba yangu. Kamwambie Chebet. Kwa hilo, mimi sikusaidii."

Nilienda. Chebet alinisikiza akiwa amesimama. Hakupiga kelele. Alichukua simu, akampigia bwanake, na nikamsikia akilia, "Baba Kevin, nisamehe." Kisha akafungua mlango na kungoja nitoke.

Sasa nyinyi wenye magari ya kuvuta mizigo, mkinunua geji ya joto la moshi, msidanganywe na taa. Ulizeni sensa itakaa wapi na waya ni yake yenyewe au ni ya kuungwa. Fundi akikwambia ni kazi ya dakika chache, toka hapo!

Na wewe fundi mwenzangu, kama kuna gari umeachilia barabarani ukijua umefanya vibaya, mpigie mwenye gari leo. Mpigie akiwa bado anashika simu yako. Yangu mimi, dada yangu haishiki tena.