Risasi Tatu Kabla ya Kushika Tupa

Mwanangu, tangu uliponiandikia kutoka Walikale kwamba bunduki ya marehemu baba yako, rafiki yangu, inapiga pembeni, na kwamba umeazima tupa ili uchonge kinundu cha kulengea kilicho kwenye ncha ya mtutu, nakumbuka asubuhi moja kwenye vilima vya juu ya Sake. Weka tupa chini kwanza, unisikilize.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nguruwe wa mwitu walikuwa wanatumalizia mahindi, na Papa, baba yangu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, alinikabidhi bunduki yake ya kuwindia pamoja na karatasi zake za kibali kutoka teritware, ofisi ya wilaya. Akaniagiza niijaribu kwenye ubao kabla ya kwenda nayo shambani.

Nikapiga risasi moja, ikaenda chini ya alama. Nilikuwa nimesikia kwamba kinundu cha mbele kikifupishwa, risasi hupanda, basi nikakichonga kidogo. Ya pili ikaenda kulia. Ya tatu ikashuka tena. Nikachonga, nikachonga, na sikumuuliza mtu, maana niliogopa Papa angesema bado mimi ni mtoto.

Kesho yake asubuhi nikamwona nguruwe dume bondeni, katikati ya mahindi. Nikalenga bega, nikapiga. Akakimbia bila hata mkwaruzo. Ndipo nikasikia kelele ng'ambo ya bonde, kwenye malisho ya Papa Rukara, jirani yetu mfugaji.

Haikupita saa moja akafika nyumbani, ameshika pembe ya ng'ombe iliyovunjika. Risasi ilipita juu ya nguruwe, ikavuka bonde, ikakata pembe ya ng'ombe aliyekuwa anakamuliwa. Mkamuaji alikuwa mke wake.

Lazima ujue kwamba miezi ile tulikuwa hatusalimiani vizuri, kwa sababu ng'ombe wake walikanyaga maharagwe yetu. Papa alikuwa amesimama mlangoni. Ningeweza kukana; hakuna aliyeniona. Lakini nikasema ni mimi.

Papa Rukara akamgeukia baba yangu.

"Papa, mutoto amesema kweli. Munipe ile bunduki niione."

Hatukujua kwamba katika ujana wake alikuwa mwindaji huko huko Walikale. Akaitoa risasi, akashika mtutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, akatikisa taratibu. Vikacheza. Skrubu iliyovishikanisha ilizunguka kwa ukucha wake. Kisha akaona kinundu nilichokichonga, akatikisa kichwa.

"Ulipiga risasi ngapi mbele ya kuchonga?"

Nikajibu, moja.

"Moja haiseme kitu, kijana. Piga tatu, usiguse kitu. Kama zinakaa pamoja, njo utajua namna ya kurekebisha. Kama zinatawanyika, kuko kitu kinacheza, ao ni mukono wako. Weye ulikata chuma yenye ilikuwa muzima, na mama ya watoto wangu alikuwa pale."

Hayo ya mwisho aliyasema kwa sauti ya chini, nami nikalia mbele ya baba yangu.

Hakuondoka. Tulikaza skrubu, tukasafisha mtutu, tukalaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, ubao ukiegemea ukingo mrefu wa udongo. Risasi tatu zikakaa pamoja, mahali panapofunikwa na kiganja, ila zote juu ya alama. Mhunzi wa Sake akaongeza kipande cha shaba pale nilipochonga, nasi tukajaribu tena mpaka zikaingia katikati. Mahindi ya mwaka ule tuliyavuna, na gunia la kwanza nililibeba mwenyewe mpaka kwa Papa Rukara. Mke wake ndiye aliyenipokea. Akanipa maziwa, akanicheka kwa jinsi nilivyoshindwa kumtazama usoni.

Basi, mwanangu, fanya hivi. Toa risasi, kagua skrubu zote, safisha mtutu. Tumia risasi za aina moja, maana zikichanganywa hazipigi mahali pamoja. Laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga tatu bila kugusa kitu, kisha pumzika upige tatu nyingine. Zikikaa pamoja lakini kushoto, sogeza kinundu cha mbele kushoto, kule kule zinakoenda, kidogo sana. Zikitawanyika, usikiguse, endelea kutafuta kinachocheza. Ukiwa shambani, kama huoni udongo wa kuzuia risasi nyuma ya nguruwe, mwache aende. Na ukishindwa, uliza. Wazee wa Walikale wapo, watafurahi kuulizwa. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla watu hawajaanza kushukiana.

Mungu akupe macho mazuri na subira. Akulindie shamba lako na majirani zako wote, na kila atakayefika mlangoni pako akiwa na hasira akukute unasema kweli. Amina.