Mshumaa Hauwashwi kwa Moto Wowote

Mjukuu wangu alinipigia simu tumbo lake likiwa limeshafika puani, akaniuliza mshumaa unawashwa kwa moto gani. Nikamwambia, wewe umesoma mpaka chuo kikuu, unafanya kazi wizarani, hujui kuwasha mshumaa?

"Siulizi hivyo, bibi. Mshumaa wa ulinzi. Niuwashe kwa njiti, kwa kiberiti cha gesi au kwa jiko?"

Akacheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Nikajua ana hofu. Mimba ya kwanza iliharibika mwaka uliotangulia, akiwa peke yake chumbani, mume wake yuko barabarani na lori la mahindi. Sasa wamehamia Chang'ombe, mjini kwetu hapa, kwenye nyumba yao wenyewe, nzuri, ina vigae, na mume bado ni yule yule wa soko la mahindi la Kibaigwa, leo anapakia, kesho anashusha. Mtoto angekuja siku gani, na nani angekuwa hapo? Hilo ndilo lilikuwa linamnyima usingizi. Mishumaa alijifunza kwenye simu. Kuna wanawake humo wanafundisha: mweupe wa ulinzi, mwekundu wa mapenzi, wa kijani wa riziki. Ila kwenye kuwasha wanagombana. Mmoja anasema njiti ya mti tu, mwingine anasema gesi haina neno, wa tatu anataka mshumaa uwashwe kwa mshumaa mwenzake. Mtoto wa watu akachanganyikiwa.

Mimi ni Mkristo, naimba kwaya ya akina mama, na katekista wetu hapa Chamwino ananijua. Lakini moto naujua pia. Nilipoolewa, mama mkwe wangu hakuniruhusu kuchoma hata njiti moja kwenye nyumba mpya. Alibeba moto kutoka mafigani kwake, ndani ya kigae cha chungu, akauweka kwenye mafiga yangu kwa mkono wake. Alisema moto wa kiberiti ni moto usio na mama. Nikazaa, na watoto wangu wote wakasimama. Nani atanibishia?

"Usiwashe chochote," nikamwambia. "Nakuja na moto."

Nilichukua kipande cha mavi ya ng'ombe makavu, maana hakuna kitu kinachotunza moto kama hicho. Kinaungua polepole kama mzee anayetafuna karanga. Nikakishikisha moto wa jikoni kwangu, nikakilaza juu ya majivu ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikalifunga kwenye kitenge. Nikasimamisha bodaboda.

"Shikamoo, bibi. Hilo kopo mbona linatoa moshi?"

"Marahaba. Ni uji wa moto."

Akanusa. "Uji wa mavi?"

"Wewe endesha pikipiki, mambo ya jikoni niachie."

"Bibi, hapa chini yako kuna petroli! Ukilipuka wewe umeshakula chumvi, mimi hata sijaoa."

"Kwa mdomo huo hutaoa."

Akazima pikipiki, akagoma. Tulibishana mpaka watu wakaanza kusimama kutazama. Mwisho nikaona jua linapanda, nikalifunika kopo na mfuniko wake, nikaukandamiza mpaka moshi ukakatika. Akaridhika, tukaondoka. Nilijivuna njia nzima, nimekumbatia kopo kama mkoba wa mbunge.

Mjukuu wangu alikuwa ameshaandaa kila kitu. Mshumaa mweupe kwenye sahani, punje za uwele zimeuzunguka, kanga mpya kiunoni. Nikafungua kopo. Baridi. Nikapuliza, majivu yakaniingia machoni. Nikavunja kile kipande kwa vidole, ndani cheusi tii. Mimi, niliyelelewa kwenye moshi, nimeuziba moto pumzi kwa mkono wangu mwenyewe ili kumfurahisha kijana wa bodaboda!

Mjukuu akaanza kulia. "Ni ishara mbaya, bibi."

"Ishara ya nini? Ni ishara kwamba moto unataka hewa. Nyamaza."

Akaleta kiberiti. Nikakataa. Akaelekeza kidole kwenye jiko la gesi. Nikalitazama, nalo likanitazama. Ndipo nikasikia harufu ya maandazi kutoka nyumba ya pili, tena ya maandazi ya mkaa.

"Huyo jirani ni nani?"

"Simjui vizuri. Tunasalimiana getini tu."

"Nenda ukaombe moto."

"Bibi! Siku hizi nani anaomba moto? Ataniona kichaa."

"Zamani ndivyo tulivyofanya, moto ukizimika. Wa jirani una mama pia. Nenda."

Akaenda anaburuta ndala. Nikasikia sauti ya mwanamke ukutani: "Moto? Gesi imekuishia?" Halafu: "Bibi yako ndiye anautaka? Ngoja nije nimwone huyo bibi!"

Akaja mwenyewe, mwanamke wa Kondoa, mnene, ushungi kichwani, mkono mmoja ana kaa la moto kwenye koleo, mwingine ana maandazi kwenye gazeti. Kaa haliwashi mshumaa hivi hivi. Nilichomoa kijiti cha ufagio, nikakigusisha, nikapuliza mpaka kikashika, nacho kikawasha utambi. Nikamwomba Mungu na nikawataja waliotutangulia. Jirani hakushangaa. "Kwetu tunafukiza ubani," akasema, akatoa chembe kwenye pindo la kanga, akaidondosha juu ya kaa. Nyumba ikanukia.

Kisha akamgeukia mjukuu wangu, akamshika tumbo bila kuomba ruhusa. "Limeshuka hili. Mume yuko wapi?"

"Kibaigwa."

"Mahindi hayazalishi mtu. Ukisikia hata mgongo unakata, nipigie kelele hapo ukutani. Mimi siendi popote, maandazi ndiyo mume wangu."

Nililala pale siku chache, nikarudi Chamwino kuvuna uwele, maana ndege hawamsubiri mtu. Uchungu ukamkuta asubuhi, anafua. Alipiga kelele mara moja tu. Jirani aliacha maandazi yanaelea kwenye mafuta, akamkokota mpaka kwenye bajaji, akakaa naye hospitali, akamfokea kila aliyepita mpaka mtoto akatoka.

Nilipofika wodini nilimkuta mjukuu wangu amelala fofofo, usingizi wa mtu asiye na deni, na yule wa Kondoa kaketi pembeni ana kitukuu changu kifuani, kinalia kama kimeibiwa.

"Bibi, pokea mume wako," akasema. "Ana mdomo kama wewe."

"Hana hata jino, mdomo gani?" nikasema, nikampokea. Alinikojolea hapo hapo, mbele ya wodi nzima, na mimi nikapiga vigelegele.