Karani Aliyesema Udongo Una Kiu

Habari za kufa kwa karani wa majenzi zilinifikia Jumanne nikiwa hapa Thika, juu ya jukwaa la kazi, mwiko mkononi. Sitaanza kwa kusema tumempoteza mtu mwema, kwa sababu mnanijua nyinyi mnaonisoma, na kwa sababu si kweli. Wapo watakaomlilia, na wana haki yao. Mimi niliteremka, nikanawa saruji, nikakumbuka shimo moja la Ruiru.

Shimo hilo lilikuwa la nyumba ya mwalimu, ya kwanza upande ule kuwekwa choo cha maji. Choo cha namna hiyo kina tangi chini ya ardhi, na maji yanayotoka tangini hupelekwa kwenye shimo lililojazwa mawe ili udongo uyanywe. Basi kazi yote ni udongo. Ule mwekundu wa Thika hunywa taratibu mwaka mzima. Ule mweusi wa Ruiru na Murera ni mnafiki: wakati wa jua hupasuka nyufa za kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na mvua ikinyesha huvimba, hujifunga, hata tone halipiti. Hayo sikufundishwa na mtu. Niliacha shule darasa la pili, na leo ninalala katika nyumba ya mawe niliyoijenga mwenyewe, kwa hivyo asinicheke mtu. Siku ile nilichukua bonge la udongo ule, nikalitemea mate, nikalisokota kama kamba, nikalikunja pete kidoleni. Halikukatika. Nikamwambia karani, "Udongo unaovaliwa kidoleni haunywi maji. Tupeleke shimo kule juu, kwenye wekundu."

Ulikuwa mwezi wa pili, jua kali. Karani, na kofia yake ngumu ya jua, aliagiza debe la maji, akalimimina shimoni. Maji yakapotea kabla hajaliweka debe chini. "Unaona, Mzee? Udongo una kiu! Na wewe umeshavaa pete, sasa tafuta bibi harusi." Vibarua wakacheka hadi wakakaa chini. Nikasema, "Karani, maji yamekimbilia kwenye nyufa, hayajanywewa." Akanijibu, "Mzee, wewe jua mawe yako. Udongo una kitabu chake." Nikachimba pale alipotaka. Hilo ndilo kosa langu, na sitalificha.

Mvua kubwa ilipokuja, udongo ukavimba, shimo likafumba mdomo, na maji ya choo yakarudi juu hadi kwenye bustani ya mke wa mwalimu. Kabichi zikaoza, vitunguu vikaoza. Migomba peke yake ndiyo iliyofurahi. Mwalimu akauliza kosa ni la nani. Karani akasimama baada ya ibada, watu wote wakisikia, akasema, "Fundi alichimba vibaya." Tangu siku hiyo nikaitwa Fundi Kinyesi. Ruiru nzima sikupewa hata kibanda cha kuku nijenge. Ndiyo maana nikahamia Thika. Miaka mitatu nilingoja aseme neno moja la kweli linirudishie jina langu. Sasa nikaambiwa amekufa, nikajua amekwenda nalo.

Alhamisi kaka yake alinijia kwa baiskeli, mfukoni pasi ya serikali, maana siku hizi hakuna atokaye kijijini bila pasi, matope hadi magotini. Marehemu alikuwa na shamba Murera, jeusi tititi, na mvua imeshika. "Baba, tusaidie. Tumechimba kaburi mara mbili, linajaa maji. Ndugu yangu atazikwa akielea." Nikamuuliza, "Kwani udongo wa huko hauna kiu?" Akainamisha kichwa. Siku ile ya debe alikuwa mmoja wa vibarua waliocheka.

Nilikwenda. Mbele ya waombolezaji, mwalimu na mkewe wakiwamo, nilichota bonge la udongo, nikalisokota, nikamvisha kaka mtu kidoleni. Nikamwambia, "Sema." Akasema, machozi yakimtoka, "Shimo la mwalimu liliharibiwa na udongo. Fundi alituonya. Ndugu yangu akamcheka, na mimi nikacheka." Mke wa mwalimu akagonganisha viganja kwa mshangao. "Ngai, Mungu wangu! Na kabichi zangu!" Mzee mmoja wa kanisa akaninong'oneza, "Bwana, leo ni siku ya marehemu." Nikamjibu kwa sauti, "Na yangu ilikuwa siku gani?"

Kisha nikapanda juu kidogo, penye kichuguu cha mchwa, ambapo ardhi inainuka na wekundu unaanza. Nikavua koti, nikachimba kwa mikono yangu mwenyewe, na shimo likabaki kavu hadi jeneza likashuka.

Nyinyi mnaojenga, na nyinyi mnaopanda, msiuulize udongo habari zake wakati wa jua. Utawadanganya, kama mtu anavyokuwa mpole siku ambayo hujamwomba kitu. Ngojeni mvua. Na kama mna kitabu, kisomeni, lakini anayeushika udongo kila siku msimcheke mbele ya watu, kwa maana yeye hasahau. Mimi sikusahau, na sikumsamehe. Nimemlaza pakavu, mahali nilipochagua mimi, katika udongo niliousoma kwa vidole vyangu. Kila mvua itakayonyesha Murera, karani atalala pakavu kwa neno la Fundi Kinyesi. Asingelitaka hilo hata kidogo, najua.