Breki Iliyopigiwa Vigelegele

Nakumbuka siku moja, enzi za mkoloni, nilipoendesha lori kutoka Chumbageni, pale Tanga mjini, kwenda Amani milimani kumchukua Mwanahawa, bibi harusi wa kaka yangu. Alfajiri tulilifukiza ubani, tukalisomea Fatiha, tukalifunga makuti mabichi ubavuni. Nami nikajiona dereva hasa.

Lori lile, mwanangu, lilikuwa likilia breki. Kila nikipunguza mwendo konani linatoa mlio mwembamba, na akina mama wa kwetu tuliowapakia nyuma wanaupokea kwa vigelegele. Ujana una mambo: nikawa naikanyaga hata pasipo haja.

Tulipofika, bibi yake Mwanahawa, mzee wa Kibondei, alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Gari lako linalia nini?"

"Ndivyo lilivyo, bibi. Na dua tumelisomea."

"Dua mmesoma, vyema. Na chuma mmekitazama? Mimi gari silijui, lakini kinacholia kina kinachokiuma. Mjukuu wangu hapandi humo."

Nilikasirika, sikufichi. Bibi harusi keshapambwa, kaka yangu anangoja Tanga, na kikongwe kakaa kizingitini hasogei. Nikapiga jeki, nikavua gurudumu kwa kishindo. Kitambaa cha breki kilikuwa kimelika chote, misumari yake inakwaruza chuma, na mpira wa mafuta ya breki umepasuka, unavuja. Na mbele yetu ndio mteremko, kona juu ya kona, bonde upande mmoja. Nikaketi chini.

Tukalala kwao. Kesho yake vipuri vikaletwa kutoka Muheza, nikafunga, nikakagua na magurudumu mengine yote. Tukashuka taratibu, gari kimya, na watu kimya. Tulipogusa tambarare, kigelegele cha kwanza kilitoka ndani ya shela. Shangazi zangu wakamkanya Mwanahawa, bibi harusi hajipigii kigelegele. Mimi nilicheka hadi machozi yakanitoka, kwa raha ya kuwa hai.

Basi, mwanangu, usia wangu ni huu. Kabla ya safari muombe Mungu, kisha inama utazame breki: haikulika? Haivuji? Gari likilia, lisimamishe ujue linaumwa wapi, wala usione haya kuchelewesha watu. Wahenga walisema, kawia ufike. Mola akushike mkono kila mteremko, na wote uliowabeba uwashushe salama mlangoni kwao.