Radi ya Mwezi wa Saba

Gervasi alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye mitambo ya umeme ya Kigoma siku alipoizimia hospitali umeme. Alikuja mjini akitokea Kasulu na cheti cha darasa la nane, akafundishwa kazi na fundi mzee aliyemwachia zamu yake. Injini zilikuwa mbili, zote za dizeli. Ya pili ilikufa mwezi wa pili, mwaka wa sabini na saba, na kipuri chake kiliagizwa kwa barua ambazo hazikupata majibu.

Iliyobaki haikuutosha mji. Mtaa mmoja ulizimwa ili mwingine uwake. Meneja wa kituo, Bonaventura, ndiye aliyeamua wa kuzimiwa. Gervasi ndiye aliyeshika swichi.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, saa nne asubuhi, simu ililia. Meneja alikuwa ukumbini, kwenye mkutano wa wageni wa kutoka Dar es Salaam, na vipaza sauti vilikuwa vinakatakata.

"Zima laini ya hospitali," alisema. "Mchana huu, mwanga wa madirisha unawatosha."

"Niwapigie kwanza, bwana meneja?"

"Zima, Gervasi. Ni nusu saa tu."

Alizima.

Nusu saa hiyo, mwanamke aitwaye Yuliana alikuwa kwenye meza ya upasuaji, akitolewa mtoto. Taa ya juu ya meza ilizimika, mashine ya kufyonza damu ikanyamaza. Mtoto alipona. Yuliana alikata roho kabla ya adhuhuri. Gervasi alizipata habari hizo kwa Regina, muuguzi, jirani yake kule Kasingirima, naye hakujua kuwa anamsimulia aliyezima.

Kesho yake meneja alimwekea daftari la zamu mbele yake. Gervasi akaandika alivyoambiwa: *Radi. Laini ya hospitali imekatika.* Tangu siku hiyo mkewe, Honorata, akawa anaondoa sahani yake mezani ikiwa na chakula kile kile alichompakulia. Alipomuuliza, alijibu kuwa ni tumbo.

Mwezi wa tisa ikaja kamati ya Bunge kukagua mashirika ya umma, waheshimiwa watano. Kabla hawajafika, injini iliyokufa ilipakwa rangi ya kijani mpaka ikang'aa. Wanne waliizunguka wakiisifu. Wa tano, mama mtu mzima aitwaye Rozalia, aliomba daftari la zamu, akakaa juu ya pipa tupu na kulisoma ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Ndugu Meneja," alisema mwishowe, "kwenu huku radi hupiga mwezi wa saba?"

"Hutokea, Mheshimiwa."

"Mimi ni mkulima. Mvua zenu zinaanza lini?"

Meneja alikohoa. "Mwezi wa kumi hivi."

"Nani ameandika hapa?"

Gervasi alikuwa amesimama nyuma yao, kitambaa cha mafuta mkononi. Meneja alikwisha kufungua mdomo. Gervasi angemwacha ajibu, mambo yangeishia hapo.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Hapakuwa na radi. Nilizima kwa mkono wangu."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya meneja. Na maneno hayo niliambiwa niyaandike, nikayaandika. Kuna mama alikufa."

"Na injini hii ya kijani?"

"Haijawaka tangu mwezi wa pili."

Rozalia hakumsifu wala hakumkaripia. Aliandika yote, akamsomea, akamtaka atie sahihi.

Miezi sita ikapita. Meneja alihamishwa. Kipuri kilikuja kwa treni. Swichi ya hospitali ikafungwa kufuli, na ufunguo ukakaa kwa daktari. Gervasi, kwa sababu alikubali kuandika uongo, aliondolewa kwenye mitambo akawekwa stoo ya mapipa. Hakukata rufaa. Ila ripoti iliyofika Bungeni haikufika Kibirizi, kwa wavuvi, na huko Anatoli, mume wa Yuliana, bado aliamini ni radi.

Jumapili moja Gervasi alitembea hadi Kibirizi. Anatoli alikuwa anaanika dagaa mchangani. Gervasi alimweleza akiwa wima, bila kuficha neno. Anatoli aliendelea kutandaza dagaa mpaka beseni likaisha.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Mtoto analelewa na mama yangu, Ujiji. Anaitwa Mapendo. Nenda ukamwone uliyemfanya yatima. Halafu usinijie tena."

Gervasi alikwenda siku hiyo hiyo. Mama mzee alikuwa barazani akichambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

Hakukaa. Alimtajia jina lake, kazi aliyokuwa akiifanya, na kilichotokea ile Jumanne. Mama mzee aliweka ungo chini na kumsikiliza hadi mwisho. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisha akainuka, akaingia ndani kumleta mtoto.