Ukimya wa Wimbo wa Sita

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiisimulia masikio yananiwaka moto. Umekuja kuazima gitaa langu kwa kuwa kikundi chenu kinataka kutunga albamu kutokana na riwaya. Nimefurahi sana. Basi kaa kidogo, gitaa halikimbii.

Sisi tulishafanya hivyo, hapa hapa kisiwani Mafia, nikiwa kijana. Mwalimu Tumaini, aliyehamishiwa Kilindoni kutoka bara, aliipenda riwaya moja mpaka akaigeuza muziki wa roki: nyimbo saba zilizoungana kama sura za kitabu, mapigo yakibadilika kila hali ya wahusika inapobadilika. Sijaona tena kichwa kama kile. Nakala ya riwaya tulikuwa nayo moja tu, kwa hiyo kila mpigaji alikaa nayo wiki moja kisha akampa mwenzake. Mimi, fundi wa gitaa kutoka Kanga (ndivyo nilivyojiona), nilisoma kurasa kumi na moja, zilizobaki nikazilalia. Nilipomkabidhi Rehema, mpiga kinanda wetu, akaniuliza nimelia wapi, maana kila aliyeisoma alilia mahali.

"Mwishoni," nikajibu bila haya.

Siku ya kurekodi, fundi mitambo alikuja na ndege ya asubuhi, na alasiri alitakiwa arudi. Tulijifungia darasani, maana shule ilikuwa likizo. Nyimbo zote zilipaswa kupigwa mfululizo, bila kukata, nazo zilikwenda vizuri mno. Katika wimbo wa sita gitaa hunyamaza muda mrefu, besi ikibaki peke yake. Mazoezini nilinyamaza kwa kuwa niliambiwa. Siku ile, nikijua mtambo unarekodi, niliona ni nafasi inayopotea bure. Nikamwaga ufundi wangu wote.

Mwalimu akainua mkono, tukaacha kupiga.

"Bakari, huyu mama wa kwenye riwaya kafiwa na mwanawe, hajasema neno mwaka mzima. Wewe unamsemea nini?"

"Sikujua, Mwalimu."

"Si uliniambia umelia mwishoni?" Rehema akadakia. "Mwishoni ni harusi!"

Wenzangu walicheka, mimi nikatamani ardhi inimeze. Nilijua nimeharibu kazi ya mwaka mzima, na saa zilikuwa zinakwenda. Nilidhani Mwalimu atanitoa nje. Badala yake alinifungulia kitabu kwenye sura ile, akasema, "Soma. Tutakungoja."

Nikasoma, fundi mitambo akitazama saa yake. Nilipofika pale mama anapoendelea kumpakulia mwanawe chakula kila mchana, machozi yakanitoka mbele ya wote, na safari hii yalikuwa ya kweli.

Tukaanza upya. Kwenye wimbo wa sita sikugusa uzi hata mmoja. Wimbo wa saba ulipokwisha, fundi alikusanya vifaa vyake mbio mbio kuwahi ndege. Kanda ile ninayo bado, na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo mimi sipigi.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu: ukishika hadithi ya mtu, isome yote kabla hujaipigia hata noti moja. Kama hujaisoma, sema. Aibu ya kukiri ni ya dakika moja. Mimi uongo wangu ulikaribia kuwanyima wenzangu albamu yao. Na ukijaliwa kiongozi anayekubali kukungoja, mheshimu maisha yako yote.

Mungu akupe vidole vyepesi na moyo mtulivu. Gitaa lile pale, chukua. Ila utakapolirudisha, nitakuuliza umelia wapi.