Wimbo wa Mtamba Mwenye Baka Jeupe

Kinanda ndicho kilichonikamata. Nilikuwa nimeinama chini ya kaunta ya mapokezi natafuta ufunguo wa chumba, mara kikaanza kulia kutoka sebule ya wageni. Ni kile kinanda cha umeme cha nyimbo za zamani, kikifuatwa na ngoma zinazogonga kama mtu anapiga bati kwa kijiko. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala Ngorongoro hata madereva wakakataa kushuka kreta, na familia moja ya wageni ilikuwa imejikunyata mbele ya runinga ikiangalia picha ya vichekesho. Watoto walikuwa wanagaragara kwa kicheko. Mama yao naye alikuwa anacheka, lakini wimbo ule ulipoingia akakumbatia mto wa kochi, akawa anatazama dirishani ambako hakuonekani kitu.

Nilimwelewa kabisa yule mama. Mimi mwenyewe nilisimama na ufunguo mkononi, nikawa nanusa makoti yaliyolowa, moshi wa jenereta na udongo mwekundu wa Buger, kijijini kwetu. Jikoni mwa hoteli yetu siku hiyo walikuwa wanachemsha supu ya maboga tu.

Wimbo ule naujua tangu niko darasa la tatu. Na kwa miaka mingi, ndugu yangu, ungeniambia hauhusu ng'ombe tungegombana.

Nianze na Anko Safari. Alikuwa mume wa shangazi yangu Paskalina, dada mdogo wa baba, na ndiye aliyeleta banda la video kijijini kwetu. Lilikuwa banda la mabati lenye mabenchi ya magogo, runinga iliyofungwa kwenye kabati la mbao kama sanamu ya mtakatifu, deki ya kanda, na jenereta nyuma likikohoa. Picha zilikuwa za Kiingereza, nasi Kiingereza chetu kilikuwa cha kuhesabu ng'ombe mpaka kumi. Kwa hiyo Anko alikaa pembeni na kipaza sauti akitafsiri. Steringi wa picha akifungua mdomo, Anko anasema. Adui akicheka, Anko anacheka kwa sauti nene. Mwanamke akilia, Anko analia vizuri kuliko yeye. Alikuwa amefanya kazi kwa watalii miaka kadhaa, kwa hiyo Kiingereza alikijua, ila hakupenda ukweli umharibie hadithi.

Na lilikuwepo pumziko moja tu. Wimbo ukipigwa kwenye picha, Anko aliweka kipaza sauti chini, akajimiminia chai kutoka kwenye chupa, na watu wakatoka kujisaidia au kununua karanga. Wimbo haukuwa na kazi. Hiyo ilikuwa desturi ya banda letu na hakuna aliyeilalamikia.

Sasa, banda hilo lilikuwa na laana yake. Anko alilipata kwa kuuza mtamba. Mtamba huyo alikuwa wa shangazi, zawadi aliyopewa na babu alipoolewa, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Shangazi alirudi kutoka kisimani akakuta kamba imebaki kwenye mti peke yake. Hakupiga kelele. Alikunja kanga zake, akapiga mguu mpaka kwetu, akamwambia baba, "Kaka, nimerudi."

Kwa ukoo wetu jambo hilo lina sheria. Mke akirudi kwa kaka yake kwa hasira, mume haruhusiwi kusema naye neno, hata salamu, mpaka wazee wa pande zote mbili wakae. Akithubutu kumsemesha, kaka mtu ana haki ya kukataa kikao moja kwa moja. Na baba yangu alikuwa mtu wa sheria, yule ambaye hata kuku wake walikuwa wanaingia bandani kwa foleni. Bahati mbaya mvua za kupanda zilikuwa zimeanza, wazee wote wako mashambani na majembe, na kikao kikawa kinasogezwa mbele kila wiki.

Mimi nilifurahi, nisikudanganye. Shangazi alilala kitanda kimoja na mimi, alinisuka bila kunivuta, na makande yake ya maziwa mgando yalikuwa yanakufanya ulambe mpaka kidole ambacho hakikugusa chakula. Lakini yeye alikuwa anakauka. Alikuwa anafagia uwanja uliofagiliwa. Mwisho akasema basi, amechoka kusubiri, anakwenda kwa dada yao mkubwa aliyeolewa Samunge, kule milima ya Loliondo, akalime huko na kuanza upya. Lori la kumchukua lingepita Jumatatu. Mama alipojaribu kumsihi, alijibu, "Wifi, maji yakimwagika hayazoleki." Nilisikia nikiwa chini ya blanketi. Samunge kwangu ilikuwa mbali kuliko mbinguni, maana mbinguni angalau padri alituambia njia yake.

Jumapili hiyo, ya mwisho kabla ya lori, tulitoka misa mchana mweupe mvua ikatukuta njiani. Kama huijui mvua ya Karatu na ule udongo wetu, usicheke. Hatua tatu na kila kiatu kimebeba shamba. Tulikimbia, baba na Biblia yake chini ya koti, mama, mimi, na shangazi mwenye gauni la Jumapili. Paa lililokuwa karibu lilikuwa moja tu, na hilo lilikuwa la banda la Anko Safari.

Shangazi aligoma. Alisimama ukingoni mwa paa mgongo ukiwa kwa mlango. Lakini mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu, na mama akamvuta ndani kama anavyovutwa ndama. Akasimama pale mlangoni, uso ameugeuzia nje. Baba akajiweka katikati yake na kipaza sauti, kama nguzo ya umeme.

Anko alimwona. Sauti yake ilikatika kidogo, kisha ikaendelea. Ilikuwa picha ya vichekesho, mpya, imefika na lori la Arusha jana yake, hata yeye mwenyewe alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Steringi alikuwa baba mmoja mnene, mlinzi wa hoteli, mwenye viatu vinavyomzidi. Alikuwa ameanguka kwenye bwawa, amejifungia stoo, ameng'atwa na bata. Watu walikuwa wanajipiga magoti kwa kicheko. Kisha yule mnene akafika kwake, nyumba tupu, mke hayupo. Akawasha redio, akavunja mayai kwenye kikaango, na kinanda kikaanza. Tii-ti-tii. Akashika ufagio, akaanza kucheza nao.

Watu wakainuka kwenda nje, wakakumbuka mvua, wakakaa. Anko akaweka kipaza sauti chini kama kawaida. Akashika chupa ya chai. Akaisikiliza ile ngoma, akaiacha chupa, akakirudia kipaza sauti.

"Anasema," Anko akasema. "Huyu mwimbaji anasema, mtamba yule alikuwa mweusi, ana baka jeupe kwenye paji la uso."

Banda zima likaangua kicheko. Yule mnene alikuwa anabusu ufagio.

"Anasema, hakuwa wake. Alimuuza bila kumwambia mwenyewe. Anasema, aliogopa kuambiwa hapana, basi akaiba ndiyo."

Kicheko kikapungua. Kuna mama mmoja mbele aliguna.

"Anasema, tangu siku ile nyumba ina sufuria moja na panya. Panya nao wameanza kuhama. Anasema, runinga hii mtu aichukue, jenereta alichukue, arudishiwe yule anayemwambia amevaa shati kinyume."

Na kweli, alikuwa amevaa shati kinyume. Sasa hakuna aliyecheka. Mvua tu ilikuwa inapiga bati, na kile kinanda. Nilimtazama baba, nikajua sasa kumekucha, sheria imevunjwa, shangazi anakwenda Samunge na kikao hakuna tena. Mishipa ya shingo yake ilikuwa imesimama. Mzee mmoja alimgusa bega: "Shemeji yako kasema naye, umesikia?"

Baba alikohoa. "Nani kasema?" akauliza. "Mimi nimemsikia mwimbaji. Safari ametafsiri tu."

Kisha shangazi akageuka. Taratibu, maji yakimchuruzika kwenye mashavu, na hadi leo sijui yapi yalikuwa ya mvua. Hakumtazama Anko hata kidogo. Aliitazama runinga, kama watu wote wa banda wanavyozungumza na steringi wakimwona anakosea, akapaza sauti:

"We mnene! Mayai yanaungua!"

Jamani! Banda lilitaka kung'oka. Na mayai yalikuwa yanaungua kweli, moshi umejaa jiko lote, mnene anacheza. Anko Safari alikuwa ameficha uso kwenye kipaza sauti, na spika zikawa zinatutolea pumzi zake, huu, huu, mtu mzima analia. Jumatatu lori lilipita, likapiga honi, likaenda zake. Wazee waliacha majembe wakakaa wiki hiyohiyo, na shangazi akarudi kwake.

Mimi niliondoka pale na elimu moja tu, kwamba Wazungu nao huimba kuhusu mitamba. Niliishika imani hiyo mpaka kidato cha pili, mwalimu wa Kiingereza alipotuambia kila mtu ataje wimbo anaoujua maana yake. Nikasimama kwa kujiamini, kifua mbele, nikaeleza habari za baka jeupe. Darasa lilinicheka mpaka kengele ikagonga. Likizo ilipofika nilimwendea baba na hasira zangu. Alicheka akakohoa, akanieleza nilichokuwa sijui. Wimbo ule ulipigwa siku ya harusi ya Anko na shangazi, kwenye redio ya kuazima, betri zimeanikwa juani tangu asubuhi. Kanda ilikuwa imetafunwa yote isipokuwa wimbo huo, kwa hiyo waliucheza ule ule mpaka jua likazama. "Mficha uchi hazai," baba akasema. "Yule kijana alikuwa uchi mbele ya kijiji kizima. Ningemwambia nini tena?"

Nimefikiri sana juu ya hilo nikiwa hapa kaunta, nikisikia vichekesho vya wageni. Wanaotengeneza hizo picha ni wajanja. Wanakuchekesha kwanza, na ukiwa umeachama mdomo, hujajilinda na lolote, wanakutia wimbo wa zamani. Ungeupiga wimbo ule peke yake siku ile, shangazi angetoka akalowe. Aliingia kwa kukimbia mvua, kicheko kikamlegeza, na wimbo ukamkuta mlango uko wazi. Mimi nilidhani tumeangalia picha, kumbe nilikuwa nimehudhuria kikao.

Anko Safari tulimzika mwaka jana. Basi siku hiyo ya ukungu nilimwomba yule mgeni jina la picha, nikaiweka kwenye simu, na Jumapili nikapanda Buger. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta maharage. Tulicheka pamoja, kichwa kwa kichwa, mpaka kinanda kikaanza. Mikono yake ikaacha ungo.

"Anasema nini?" akaniuliza.

Sasa Kiingereza nakila na kukinywa. Maneno yenyewe ni ya kijana na simu isiyopokelewa, hayana uzito wa karanga moja. Nikakohoa kama baba.

"Anasema, mtamba yule alikuwa mweusi, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Anasema, hakuwa wake. Anasema..." Hapo nikamwangalia yeye.

Shangazi hakuondoa macho kwenye simu.

"Endelea," akasema. "Bado hujafika kwenye panya."